Afanye Kazi Yake Mpaka Apone

Sogea karibu, wewe unayesoma, na ufanye kama unasikiliza, kwa sababu jambo hili nimezoea kulieleza kwa mdomo. Nimelieleza darasani. Nimelieleza harusini, sahani ya biriani mkononi. Mara moja nilimweleza dereva wa teksi wa hapa Nizwa mpaka tukapita lango la chuo bila yeye kukumbuka kusimama. Neno Kilatini lisikutishe. Kama unaweza kufuata habari ya ugomvi wa majirani wawili, na hii utaifuata.

Mimi ni mwalimu wa historia ya sheria. Ujanani nilipelekwa Ayalandi kusomea sheria, na ilitarajiwa nirudi nikiwa bingwa wa mikataba ya mafuta. Huko nikapenda kitu kingine: vijitabu vya toba vya watawa wa kale, watu waliokaa pamoja katika nyumba za ibada wakilima, wakisali na kunakili maandishi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kisiwa chao hakikuwa na polisi wala jela. Kilikuwa na wafalme wadogo wengi, kila mmoja na bonde lake na ng'ombe wake. Mtu akikosa, nani wa kumshika? Basi watawa wakakaa wakaandika: kosa hili, dawa yake hii, kosa lile, dawa yake ile. Wakaandika kwa Kilatini, lugha ambayo hakuna mama hata mmoja kisiwani aliyembembelezea mwanawe. Waliisoma vitabuni tu, na wakaiandika kwa uangalifu wa mtu aliyeazima nguo na anajua atairudisha.

Nasema dawa kwa makusudi. Watawa wale walijiona waganga. Kanuni yao kubwa ilikuwa kwamba ugonjwa huponywa kwa kinyume chake: mlafi afunge, mvivu ashike jembe, mwenye domo anyamaze. Kanuni ya pili wanafunzi wangu huipenda zaidi. Kwa kosa lile lile, mwenye cheo alipewa toba nzito kuliko mtu wa kawaida. Nikifika hapo, kila mwaka hutokea mwanafunzi wa viti vya nyuma akauliza kama sheria hiyo bado inafanya kazi, na kama inawahusu wakurugenzi. Namjibu kwamba namjua mkurugenzi mmoja iliyemhusu. Nitakueleza na wewe.

Nyumba yetu ya familia iko Ibra, mji wa mbali kidogo na Nizwa. Mama yangu anaishi pale pamoja na mdogo wake wa kiume, mjomba wangu, mzee mstaafu aliyekuwa mkubwa wizarani. Wote wawili walizaliwa Unguja mjini. Mama aliondoka akiwa mwanamwali, na Kiswahili chake amekihifadhi kama alivyohifadhi vikombe vyake vya harusi. Mjomba aliondoka mtoto, akatiwa skuli ya Kiarabu, akafika mbali. Ukimsemesha Kiswahili anakuelewa kila neno, lakini atakujibu kwa Kiarabu. Hata ukimwamkia shikamoo, hujibu "hala, hala" na kuendelea na simu yake.

Wa tatu nyumbani ni dada wa kazi anayemtunza Mama, mwenyeji wa Tanga, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kubisha. Alikuwa hajamaliza miezi ya dhamana, yaani ule muda ambao ofisi iliyomleta hukubali kumbadilisha mfanyakazi ikiwa mambo hayakwenda. Mdhamini wake kwenye karatasi alikuwa Mjomba.

Siku ya ajali Mjomba alikuwa na haraka. Wenzake wa zamani wa kazini walikuwa wanamngoja kwenye bonde la Wadi Bani Khalid, nyama imeshatiwa viungo. Dada alikuwa juu ya ngazi pembeni mwa banda la gari, anateremsha mkeka wa tende zilizoanikwa kwenye paa, kwani mawingu yalikuwa yanakusanyika. Alipoona gari inawashwa alipiga kelele, "Subiri, mzee, nishuke!" Mjomba alijibu kwamba nafasi inatosha. Nafasi haikutosha. Gari ilirudi nyuma, ikaigusa ngazi, na dada akaanguka pamoja na tende zake. Mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Mjomba si mtu mbaya. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa naye mpaka akafungwa plasta, akamnunulia juisi. Wadi Bani Khalid hakwenda. Lakini nilipofika Alhamisi jioni kutoka Nizwa, nikiwa na vumbi la njia ya Sinaw, nilikuta ameshapiga simu ofisini.

"Jumapili baada ya alasiri wanakuja kumchukua," alisema. "Watatuletea mwingine."

"Mwingine kutoka wapi, Mjomba?"

"Popote. Wa Kiswahili hawana sasa hivi. Kazi ni kazi."

Nikamfuata dada jikoni. Alikuwa anamenya kitunguu thomu kwa mkono mmoja, punje ameibana chini ya plasta.

"Pole, dada."

"Nishapoa, Mwalimu. Mkono si kitu, mkono utaunga." Punje ilimchomoka, ikabingirika hadi chini ya friji. "Lakini niambie, ofisini nani atamchukua mtu wa mkono mmoja? Watanipandisha ndege. Na nyumba yangu kule nimeifikisha kwenye linta, bado paa tu. Nikirudi sasa popo watahamia kabla yangu."

Halafu akacheka, nami nikacheka, na hakuna aliyefurahi.

Usiku ule sikulala nikihuzunika. Nililala nikiwa na hakika, maana nilijua ukurasa gani nitausoma kesho yake.

Mama ana desturi. Kila Ijumaa baada ya chakula huniuliza, "Haya, hao watawa wako wamesema nini wiki hii?" Nami humsomea kwa Kiswahili kipande ninachotayarisha kwa wanafunzi. Mjomba hukaa pembeni na simu yake, akijifanya hasikii. Ijumaa ile nilifungua karatasi zangu nikasoma kanuni moja fupi. Inasema hivi, kwa maneno yangu: mtu akimpiga mwenziwe katika ugomvi hata akashindwa kufanya kazi, amlipie mganga, amfidie kwa kilema alichomtia, na afanye kazi yake mpaka apone. Baada ya hapo ndipo aingie kwenye toba yake.

"Hapo pa kazi," alisema Mama, "hebu rudia."

"Afanye kazi yake mpaka apone."

"Kazi ya nani?"

"Ya aliyeumizwa, Mama. Mwenye kuumiza anashika jembe la aliyeumizwa. Fikiria mkulima aliyevunjwa mkono wakati wa kupanda. Akipewa mkate na pole, shamba litabaki tupu, na mwakani watoto wake watalala na njaa. Watawa waliliona hilo. Walijua maumivu yana mwisho wake. Pengo la kazi ndilo linaloendelea kuumiza watu."

Mjomba aliweka simu chini.

"Unanisemea mimi."

"Nasoma tu, Mjomba."

"Basi soma vizuri. Hiyo ni ya watu waliogombana. Mimi nimegombana na nani? Ilikuwa bahati mbaya."

"Kweli kabisa," nilimwambia, na nilimaanisha. "Umeipata haraka kuliko wanafunzi wangu. Watawa wanatofautisha aliyekusudia, aliyeghadhibika na aliyekosea bila kutaka. Kila mmoja ana kipimo chake."

Uso ulimkunjuka. Akaegemea mto.

"Lakini bahati mbaya kwao haifuti jambo," niliendelea. "Inalipunguza."

"Inapunguza nini?"

"Ile toba ya mwisho, ya kufunga kwa mkate na maji. Hiyo nadhani ungesamehewa."

"Kazi inabaki," alisema Mama.

"Ukiniuliza mimi, Mama, kazi inabaki."

"Na cheo? Si ulinambia mwenye cheo huongezewa?"

"Huongezewa."

"Huyu alikuwa mkurugenzi," alisema Mama, akinionyesha mdogo wake kwa kidevu, kama vile mimi ndiye hakimu na yeye shahidi.

Mjomba alikuja juu. "Mnanihukumu kwa sheria za makasisi! Sisi tuna dini yetu, tuna sheria zetu."

"Dini yako ndiyo iliyokwambia umuumize mtu kisha umrudishe dukani kama feni mbovu?" aliuliza Mama.

Kwenye mlango wa jikoni niliona ncha ya plasta nyeupe imesimama tuli.

Nikaona niseme neno. Nilimwambia kwamba mimi sitoi fatwa. Mimi nafundisha historia. Simwiti afuate kanisa la watu waliokufa zamani. Namwonyesha tu swali walilojiuliza, kwa sababu swali lenyewe halina dini moja: ukishamuumiza mtu, ni nini hasa umekivunja?

Mjomba aliishika simu yake, akaiweka tena chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei bila nia ya kununua, "Hawakuwa na njia ya mkato, hao?"

"Walikuwa nayo." Hapo nilifurahi kweli, maana sehemu hiyo naipenda. "Toba ndefu iliweza kubadilishwa na fupi iliyo kali. Ulale juu ya majani yanayowasha. Au juu ya maganda ya kokwa. Au ukeshe kaburini pamoja na maiti."

"Majani yanayowasha hapa Ibra hatuna."

"Makaburi yapo," alisema Mama.

Dada alishindwa kujizuia; tulimsikia anacheka huko jikoni. Mjomba akasimama, akavuta kanzu yake, akasema maneno ambayo baadaye alijaribu kuyakana: "Mpaka Jumapili. Nikiiweza kazi yake, atabaki. Nikishindwa, anakwenda, na sitaki kusikia habari za watawa tena."

"Na iwe hivyo," alisema Mama. "Kaanze na uwanja. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Jumamosi asubuhi mkurugenzi mstaafu alifagia uwanja wa mbele. Alijaribu kwanza kumwita mfanyakazi wa shamba la jirani amfagilie, na Mama akapiga dirisha kwa fimbo yake kutoka ndani. Jirani mwenyewe akapita.

"Salama? Mfanyakazi wenu kasafiri?"

"Yuko ndani amepumzika. Leo mfanyakazi wa nyumba ni mimi."

Jirani alisimama, akamtazama, akamsalimia upya kama mtu aliyefiwa, akaenda zake.

Kisha chapati. Dada alikaa kwenye kiti karibu na jiko, mkono umening'inizwa kifuani, na Mjomba akavaa aproni yenye maua, Kiswahili cha dada kikijibiwa kwa Kiarabu kama kawaida.

"Sukuma polepole, mzee. Chapati haikimbii."

"Nasukuma polepole."

"Unasukuma kama unafunga kikao. Iachie. Izungushe."

"Imekuwa pembe nne hii."

"Pembe tano. Si kitu, tumbo halina macho. Tia kwenye chuma. Geuza! Geuza, mzee, moshi huo!"

"Kwa nini zako zinafura na yangu inalala?"

"Yako imechoka. Umeipa kazi nyingi asubuhi asubuhi."

Nilisimama mlangoni na kikombe changu nikawaza ile kanuni ya kinyume. Mtu wa haraka alikuwa anajifunza kuzungusha unga bila haraka. Hakuna mtawa aliyeweza kumwandikia dawa bora. Alipika, akafua, akabeba katoni za maji ya Tanuf kutoka kwenye gari, akaupiga mwiko sakafuni mara moja kwa hasira na kuuokota mwenyewe. Tulikula chapati za pembe tano. Mama alikula mbili bila kusema neno, na kwa Mama hiyo ni tuzo.

Alasiri nilimpeleka dada hospitali plasta ikaangaliwe. Tuliporudi, Mjomba alikuwa amejinyoosha chumbani kwake, mshindi. Mama alikuwa peke yake sebuleni. Mbele yake palikuwa na vikombe viwili vya kahawa, vyote vimejaa, vyote vimepoa.

"Leo kazi haikufanywa," alisema.

Mjomba alitoka chumbani mbio. "Haikufanywa? Nimefagia, nimepika, nimefua, nimebeba maji! Kazi gani iliyobaki?"

Mama alitazama vikombe.

Hapa ndipo nilipoona kosa letu, na lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake, maana mimi ndiye niliyemsomea kanuni na sikumwambia aulize. Tulidhani kazi ya dada ni ile inayoonekana: ufagio, chuma, kamba ya nguo. Lakini kila siku baada ya sala ya alasiri, saa ambayo Mjomba hujinyoosha chumbani kwake na mimi huwa Nizwa, dada huleta kahawa, anakaa chini, na Mama anazungumza. Anazungumza Kiswahili chake cha mjini, anatembea uchochoro kwa uchochoro, nyumba kwa nyumba, nani alikaa wapi na nani alimkataa nani. Dada humuuliza, humbishia. "Mama, juzi ulisema mlango wa bluu." "Wa bluu ulikuwa wa mbele! Husikilizi, wewe." Wajukuu wanasema shikamoo na wanakimbia, hawana maneno ya kutosha kukaa. Watoto wake tuna kazi zetu. Katika nyumba nzima, mtu wa Mama wa kuzungumza naye alikuwa yule aliyevunjika mkono, na Jumapili alikuwa anachukuliwa.

Nilimweleza Mjomba hayo ukumbini, kwa sauti ndogo. Nilifikiri atasema hiyo si kazi. Alikuna ndevu zake, akarudi chumbani, akafunga mlango.

Jumapili alifagia tena, akapika tena. Chapati zikakaribia kuwa duara. Alasiri ikaswaliwa. Dada alikuwa ameshafunga begi lake na kuliweka karibu na mlango, kwa adabu, ili asimcheleweshe mtu. Mjomba alileta birika la kahawa, bado ana aproni, akakaa chini kwenye zulia mahali pa dada. Alianza kwa Kiarabu: habari za mvua, habari za bei ya mbuzi sokoni Nizwa. Mama alimimina kahawa, akanywa, akilitazama begi mlangoni.

Mjomba akatazama ndani ya kikombe chake. Kisha nikamsikia akisema, kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani:

"Mlango wa mbele haukuwa wa bluu."

Mama aligeuza kichwa.

"Ulikuwa wa bluu."

"Ulikuwa wa kijani. Wa bluu ulikuwa wa jirani. Kila siku nikiwa kule chumbani nakusikia unamwambia huyu bluu, bluu. Mie niliubandua rangi kwa kucha nikapigwa na Baba. Ilikuwa kijani."

"Wewe ulikuwa mdogo, ulijua nini?"

"Nilijua rangi iliyofanya nipigwe!"

"Na kisima kilikuwa upande gani, mjuzi?"

"Kushoto, chini ya ngazi. Ulinitisha kuna shetani ndani ili nisikufuate ukienda kuzungumza na yule—"

"Nyamaza, mtoto yuko hapa!" Mtoto ni mimi, nina mvi.

Dada alikaa kwenye kochi, mkono juu ya mto, anageuza kichwa huku na huku kama anatazama mpira. "Kijani," aliniambia kwa kunong'ona. "Nilijua tu."

Kengele ya geti ikalia.

Hakuna aliyesimama isipokuwa Mjomba. Alitoka na kikombe chake mkononi na unga kwenye ndevu, nami nikamfuata hadi kizingitini, kwa sababu sikuwa tayari kusimuliwa. Dereva wa ofisi alikuwa mtu mpole, karatasi mkononi.

"Nimekuja kumchukua mfanyakazi, mzee. Yule aliyevunjika mkono."

"Kwa nini?"

"Si mmesema hawezi kazi?"

"Kazi yake inafanywa."

"Inafanywa na nani?"

"Na mimi. Na sasa hivi umenikatiza."

Alimtakia safari njema, akafunga geti, akarudi kukaa pale pale. "Tulikuwa kwenye kisima," alimwambia Mama. Dada alinyanyuka, akalichukua begi lake kwa mkono wa kushoto, akalirudisha chumbani. Alikaa huko kidogo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na la kwanza alilosema ni kwamba harufu ya kitu kuungua inatoka jikoni.

Mkono uliunga. Siku plasta ilipokatwa, dada alirudi kwenye kibao cha chapati, na nyumba nzima ilishukuru. Kwa mujibu wa watawa, Mjomba alikuwa amemaliza: aliyeumizwa amepona, jembe lirudi kwa mwenyewe. Lakini alasiri haachi kukaa. Sasa wako watatu, na vikombe vitatu, na suala la mlango bado halijaisha. Nilipofika wiki iliyopita nilimwamkia shikamoo nikiwa bado navua viatu. "Marahaba," alijibu, bila kuinua macho, kisha akaniuliza kama watawa wangu wana lolote kuhusu dada mkubwa asiyekubali kushindwa.

Nikifundisha kanuni ile siku hizi naongeza jambo ambalo halimo kwenye Kilatini, nililojifunza kwenye zulia la Ibra. Nakuachia na wewe, ukalijaribu wiki hii. Ukimuumiza mtu, kwa kukusudia au kwa haraka, mpe pole na mtibie. Kisha kaa naye umuulize leo alikuwa afanye nini. Usikisie. Ngoja mpaka akutajie yote, hata lile linaloonekana dogo. Halafu nenda ukalifanye, wewe mwenyewe, mpaka apone.